Mhehe Aliyemwiba Mama Mkubwa

Nina diploma ya uigizaji wa filamu na televisheni. Naanza na hilo kwa sababu nimelitolea jasho, na kwa sababu hapa Bongo waigizaji wenye sura ni wengi, wenye cheti tunahesabika. Niliipata Johannesburg, miaka miwili ya masomo ya jioni, na ada yote niliilipa kwa vidole hivi, nikisuka nywele za watu kuanzia asubuhi mpaka miguu inavimba. Hakuna mjomba aliyenitumia chochote, hakuna mfadhili wala mchumba. Nilirudi Dar es Salaam na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu vya fani, na cheti nikakibeba mkononi ndani ya ndege nikiogopa kisije kikakunjika.

Leo nikipita Kariakoo sifiki mbali kabla sijaitwa kwa jina la yule mama muuza vitenge niliyemwigiza kwenye tamthilia. Wapagazi wananipisha na mizigo yao kichwani. Wanawake wananishika mkono, wananiuliza kama kweli nina roho ngumu vile. Juzi mmoja alikataa kunitajia bei ya mapazia, akasema, "Wewe taja tu, mimi sitaki kuaibika." Waandishi wa habari wakiniuliza nilijifunza wapi, ninataja Johannesburg, na si uongo. Lakini yule mama hasa sikumpata Johannesburg. Nilimpata kwenye kichochoro kimoja cha Kariakoo, kwa mtu anayeuza mabeseni, na nusura nimkose.

Aliyenilea ni mama mkubwa, dada yake mama. Sisi ni Wangoni wa Songea. Yeye alikuja mjini na mumewe, mume akafungua fremu ya vitenge Kariakoo, kisha mume akafariki na fremu ikabaki. Ndugu wa mume walitaka iuzwe. Mama mkubwa aliwapikia, akawasindikiza stendi, kesho yake akafungua fremu kama kawaida. Hadi leo ipo, nyembamba, upana wa mlango na nusu, vitenge vimepangwa mpaka darini. Kulia kwake ni mzee wa Kiarabu anayeuza mashuka, aliyezaliwa ghorofani palepale juu ya duka lake. Mbele, ng'ambo ya kichochoro, anakaa muuza mabeseni na ndoo. Huyo ni Mhehe wa Iringa, na nitamfikia.

Nyumba ya mama mkubwa iko Magomeni. Niliporudi kutoka Sauzi sikuwa na pa kufikia zaidi ya pale, na sikutaka pengine. Alinipa chumba changu kilekile cha utoto. Cheti changu alikitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika sebuleni, na kila mgeni alimwambia, "Huyu amesoma." Amesoma nini, hakusema. Kama mgeni angeuliza, alisema, "Mambo ya huko nje," akaleta soda.

Si kwamba aliniona mhuni. Alikuwa na sababu yake. Zamani kidogo, kabla sijarudi, kijana mmoja wa mtaani alitengeneza filamu yenye mama anayeuza mchele, mwenye makengeza, anayepunja kwenye kipimo. Mama wa namna hiyo alikuwepo kweli, mitaa miwili kutoka kwetu, ila hakuwa mpunjaji. Watu waliitazama ile filamu wakacheka, kisha wakaenda kununua mchele kwake wakiwa bado wanacheka. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja sokoni, na baadaye tukasikia amehamia kwa mwanawe Mbagala. Mama mkubwa alikuwa rafiki yake.

Ndiyo maana wiki ya kwanza niliporudi, akinimiminia chai, aliniambia, "Igiza unavyotaka, mwanangu. Kazi ni kazi. Ila mimi na meza yangu usitutie humo. Siku nitakayojiona kwenye televisheni, utafute pa kuhamia." Alisema mara moja tu. Mama mkubwa hasemi kitu mara mbili.

Mwanzoni sikuwa na la kumtia popote. Nilipewa nafasi za kupita. Nilikuwa nesi mwenye sentensi moja, "Daktari anakuja." Nikawa jirani anayeazima chumvi. Nikawa mama wa bi harusi, na mwanangu alikuwa amenizidi umri. Nilizifanya vizuri zote, na hata leo ukiitazama ile ya chumvi utaona kuna mtu pale anayejua kazi. Mwishowe simu ikaja. Tamthilia mpya ilikuwa inatafuta mhusika mkuu, mjane, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, mwanamke ambaye wanaume wazima wanamwogopa. Nilikwenda kwenye usaili na cheti changu, nikaipata. Nililia kwenye bajaji kutoka Upanga mpaka nyumbani, na dereva akaniuliza kama nimetoka kumwona mgonjwa hospitali.

Yafaa nieleze tunavyofanya kazi. Kule nilikosomea, kila neno liliandikwa, na ukibadilisha hata kiunganishi unaulizwa. Huku, asubuhi dairekta anakusanya watu, anawasimulia sini kwa mdomo: wewe unauza, wewe unanunua, mnashindwana, wewe unashinda. Maneno mtayaona wenyewe. Niliomba skripti. Wakanipa ukurasa mmoja, na nusu yake ilikuwa orodha ya chakula cha mchana. Sidharau, nimekuja kuupenda mtindo huo, na nimewashinda watu kwa huo huo. Ila una gharama yake. Kama humjui mtu unayemwigiza, hakuna karatasi ya kujificha nyuma yake.

Mimi nilidhani namjua. Nilipiga mikono kiunoni, nikapandisha sauti, nikamfokea mteja, nikabamiza jora juu ya meza mpaka vumbi likaruka. Tulirudia sini ya dukani mara sita. Siku ya tatu dairekta, kijana mdogo kuliko mimi lakini mwenye adabu, alinivuta pembeni.

"Dada, samahani," alisema. "Huyu mama wako anapiga kelele sana. Mimi simwogopi. Namwonea huruma koo lake."

Nikamweleza kuhusu mbinu ya kujenga mhusika, hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa. Alisikiliza yote.

"Sawa, dada. Leo Alhamisi. Jumatatu tunairudia sini hii. Ikigoma, nitampa mwenzio."

Mwenzangu huyo alikuwa amekaa palepale kwenye kona. Alikuwa msichana mrembo, mwenye wafuasi wengi mtandaoni, na tayari alikuwa amejaribishwa nguo zangu. Hakuwa mbaya. Aliniletea maji ya kunywa. Hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikaenda kukaa kwenye fremu ya mama mkubwa na daftari. Nilifundishwa kuchunguza, na mimi ni mchunguzi mzuri. Niliandika jinsi anavyoshika futi, rangi ya kamba ya miwani yake, mahali anapoweka simu. Nilipofika ukurasa wa tatu akaniangalia juu ya miwani.

"Unaandika nini?"

"Unavyofanya kazi, mama mkubwa. Ni mazoezi tu."

"Mazoezi ya nani?"

"Yangu."

"Kayafanyie kwako. Mtu anaandikwa akishakufa. Mimi bado nauza."

Na kweli, tangu nilipotoa kalamu alikuwa amekakamaa. Aliongea na wateja kama anayesoma taarifa ya habari. Wateja wawili waliondoka bila kununua, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza. Nilikuwa nimemdanganya vilevile, na hilo nililijua. Hayakuwa mazoezi tu.

Hapo ndipo Mhehe alipovuka kichochoro, ndoo tatu mkono mmoja, kucheka kumeshaanza machoni.

"Mama, naona leo umeajiri karani," alisema. "Wangoni nanyi mmeanza kusoma?"

"Huyu amesoma kuliko ukoo wenu mzima," mama mkubwa akamjibu. "Na mbwa wa jirani amepotea tangu jana. Mwenyewe anasema aanzie kuuliza kwako."

"Aje baada ya chakula. Wewe panya wameadimika Songea? Mbona umekonda?"

Kwa asiyekulia kwenye utani, nifafanue kidogo. Mhehe husemwa anakula mbwa, Mngoni husemwa anakula panya. Wahehe na Wangoni walipigana vita enzi za babu zetu, wakachoka, wakaamua kumalizia kwa maneno. Tangu hapo mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele za watu, nawe unatakiwa kucheka. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na huendi polisi. Unakikomboa kwa atakachotaka, hata kama ni kikombe cha chai. Na kwenye msiba, wenyewe mkiwa mmeinamisha vichwa, yeye anamwiga marehemu. Siku ya mazishi ya baba mkubwa, huyuhuyu Mhehe alivaa koti la marehemu, akakaa mlangoni, akaanza kudai chai yake kwa sauti ya marehemu, na kulalamika kwamba sukari ni kidogo. Mama mkubwa alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba uji.

Sasa pale dukani akanigeukia.

"Mwanangu, wewe unahangaika bure. Unamwandika mama yako anavyokaa akiandikwa. Ngoja nikuonyeshe anavyouza."

Akageuza ndoo moja, akaikalia. Akatoa beseni dogo ndani ya ndoo nyingine, akalisukuma chini ya paja lake na kulikalia nusu, kwa sababu mama mkubwa vitenge vyake vizuri kabisa havipangi kwenye rafu, anavikalia, na mpaka akuone unafaa ndipo anainuka. Mabega yake yakateremka. Shingo ikawa ndefu. Naapa uso wake wa kiume wenye ndevu za siku tatu ukawa wa mama mkubwa.

Mteja wa kufikirika akataja bei ya chini. Mhehe hakufoka. Hakujibu hata. Alichukua kitambaa chake cha kufutia vumbi, akakikunja taratibu, nusu, kisha nusu tena, akakilaza kama mtoto aliyesinzia, akamgeukia yule mzee wa mashuka na kumwuliza kwa sauti ya upole, "Umeshakula?"

Kichochoro kizima kikacheka. Mama mmoja aliyekuwa amesimama na mfuko wake akasema, "Ndivyo alivyonifanyia mimi juzi. Nililipa." Mama mkubwa mwenyewe alicheka kuliko wote, akamrushia Mhehe futi ya kupimia, ikampata sikioni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na kurasa tatu kwenye daftari na hakuna hata mmoja uliosema kwamba mama mkubwa hajibu. Nimelelewa na mtu huyu, nimekula mkononi mwake, nimesomea kazi ya kuwaangalia watu, na mimi nilikwenda mbele ya kamera nikapiga mikono kiunoni.

Jumamosi mchana, mama mkubwa akiwa ameenda kuchukua mzigo, nilivuka kichochoro. "Shikamoo, baba. Nifundishe."

"Marahaba. Johannesburg hawana mabeseni?"

"Baba, nina siku mbili."

Aliacha mzaha. Alinipeleka nyuma ya mabeseni yake, yaliyopangwa juu kama ukuta wa rangi, akanikalisha kwenye ndoo. Yeye akawa mteja. Nilifanya nilivyoona jana: nikakunja, nikageuka, nikauliza. Akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena.

"Ukishakunja unangoja nini?" akaniuliza.

"Nangoja mteja apandishe bei."

"Ndiyo kosa. Mama yako hangoji mtu. Yeye biashara hiyo ameshaimaliza, imekufa, anawaza chakula kweli. Mteja anaona ameachwa peke yake kwenye duka lililojaa watu. Hapo ndipo anapoogopa."

Nimesoma vitabu vinene vilivyojaribu kusema hicho kitu na havikukisema. Nilirudia mpaka jasho likanitoka, na mara moja, mara moja tu, Mhehe alisema, "Umenifanya nijisikie mjinga. Basi."

Nilipoinuka kuondoka akanishika kiwiko.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi nikimfanya, ni utani, nimeruhusiwa na babu zake na babu zangu. Wewe ni mtoto wake. Ukimfanya mbele ya watu, umemdhihaki mama yako. Mwombe kwanza."

Nilijua lazima nimwombe. Nilikuwa nimeshajua tangu Ijumaa.

Jumapili baada ya misa mama mkubwa alikaa barazani Magomeni akichagua mchele, kitenge amejifunika magotini. Nilikaa kwenye mkeka mbele yake. Nilimwambia kila kitu bila kupamba: nafasi niliyopata, kelele nilizopiga, dairekta, Jumatatu, mwenzangu mwenye wafuasi. Nikamwambia kwamba mama wa kwenye tamthilia hana jina lake wala sura yake, na hapunji mtu, lakini kama nataka nafasi ile sina mtu mwingine wa kumwiga duniani zaidi yake. Nikamwomba.

Alisikiliza akichambua. Nilipomaliza, aliweka ungo pembeni. Akakitoa kile kitenge magotini, akakikunja taratibu, nusu, kisha nusu tena, akakilaza pajani. Akageuka kumtazama mpangaji wetu aliyekuwa anafua uani.

"Umeshakula?" akamwuliza.

Nikajua bei yangu haikufika.

Jioni ile sikuwaza kuhama. Nilichokiwaza ni uso wake alipokuwa akikunja. Mbele ya wateja uso ule ni mkavu. Kwangu, kidevu kilitetemeka kidogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa, vilevile kama yule rafiki yake wa mchele. Nikaamua nitakwenda Jumatatu nikapige kelele zangu za Alhamisi, nafasi iende kwa mwenzangu, nami nirudi kuwa nesi. Si kwamba nilikuwa mwema sana. Ila nafasi nyingine ningeitafuta tena, na mimi nikitafuta hupata. Mama mkubwa mwingine nisingempata.

Asubuhi nilimsaidia kubeba majora mpaka dukani kabla ya kwenda kazini. Mhehe alikuwa anafungua. Aliniuliza kwa nyusi. Nikatikisa kichwa.

Alipangusa mikono, akavuka kichochoro, akasimama mbele ya mama mkubwa ambaye alikuwa ameshaanza kumwonyesha mteja kitenge, na bila salamu akamvua miwani usoni.

"Nimechukua," alisema.

"Rudisha, we Mhehe. Nina mteja."

"Mtani akichukua amechukua. Komboa."

"Nikukomboe kwa nini, kwa panya?"

"Kwa neno moja." Akaiweka miwani mfukoni mwa shati na kuipigapiga. "Mama, nimekuiba miaka mingi. Sauti yako ninayo. Shingo yako ninayo. Ile kukunja ninayo. Uliwahi kunidai?"

"Ningekudai vipi? Ni utani."

"Sawasawa. Kwa hiyo ni mali yangu, na mali yangu nampa nimtakaye. Juzi nimempa huyu mtoto, yote. Kosa lake ni kuja kukuomba wewe. Angeniuliza mimi, ningemwambia wewe hapa huna chako."

Watu walikuwa wameshasimama. Mama mkubwa bila miwani haoni futi yake mwenyewe; alikuwa ameshikilia kile kitenge kwa mikono miwili, akitazama mahali sauti ilipotoka. Mzee wa mashuka akakohoa.

"Mama, kwa utani wenu huo," alisema, "naona umebanwa."

"Wewe Mwarabu kaa na mashuka yako."

Lakini alikuwa anafikiri. Namjua akifikiri, anavuta hewa kwa pua. Muda ulipita, mteja akaanza kukunja kitenge kingine mwenyewe kwa kukosa la kufanya.

"Kwa hiyo atakayeonekana kwenye televisheni," mama mkubwa akasema polepole, "ni Mhehe."

"Ni Mhehe aliyevaa kitenge."

"Na watu wakicheka, wanamcheka nani?"

"Wananicheka mimi. Nimezoea."

Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Lete miwani yangu."

Mhehe akampa. Akaivaa, akaiweka sawa, akamgeukia mteja wake kwanza, akamalizana naye. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Wewe unasimama nini? Utachelewa kazini. Na huyo Mhehe wako usimlete nyumbani kwangu."

Nilikimbia kwa miguu mpaka lokesheni.

Kuhusu ile sini watu wamesema mengi, nami nimeyasoma yote. Nitasema nilichokiona. Aliyekuwa mteja wangu ni mwigizaji mkongwe wa vichekesho, mwenye maneno mengi mdomoni. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha kwenye kamera. Alitaja bei yake na mzaha juu. Nikakunja. Nikamaliza kabisa, nikawaza pilau iliyokuwa inanukia kwa mama lishe wa nje, nikageuka kwa binti aliyekuwa akiigiza msaidizi wangu, nikamwuliza kama ameshakula. Yule mkongwe akabaki mdomo wazi. Akatazama viatu vyake. Kisha akapandisha bei mwenyewe, akaipandisha tena, na hakuna aliyemwambia apandishe. Dairekta alisahau kusema kata.

"Dada," alisema baadaye, "nilitaka kutoa pesa mfukoni."

Mwenzangu aliyekuwa kwenye kona alikuja kunipa mkono, na kwa haki yake niseme kwamba alinipa kwa moyo. Siku hizi anaigiza vizuri. Amenifuata mara mbili kwa ushauri na nimempa.

Siku ya kuonyeshwa sehemu ya kwanza, wapangaji wote walijaa sebuleni mapema jioni, na majirani wengine wakasimama dirishani. Mama mkubwa alikaa kiti chake, mikono pajani. Mimi nilikaa chini karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kutoka. Ilipofika ile sini hakuna aliyethubutu kucheka. Walikuwa wanatazama televisheni kwa jicho moja na mama mkubwa kwa jicho jingine. Mwishowe mpangaji mmoja, fundi cherehani, akajikaza.

"Huyu mama," alisema, "simjui ni nani, ila bei angetaja ningelipa."

Macho yote yakamgeukia mama mkubwa.

"Huyo ni Mhehe," mama mkubwa akasema.

Sebule ikaangua kicheko, na yeye akacheka, na hapo nikasogea mbali na mlango. Kesho yake alisimulia Kariakoo nzima kwamba Mhehe ameingia kwenye televisheni amevaa kitenge, na kwamba kilimpendeza kuliko suruali. Wateja waliokuja kumchungulia aliwaelekeza ng'ambo ya kichochoro. Mhehe aliuza mabeseni wiki ile kuliko wakati wowote.

Lakini ile jioni yenyewe, watu walipotawanyika, alinifuata jikoni nikiwa naosha vikombe. Akavuta kigoda akakaa.

"Amekosea kitu," alisema.

"Nani?"

"Mhehe wako. Anajifanya anajua, lakini anakaa mbele yangu. Meza inamzuia. Mguu hauoni."

"Mguu upi, mama mkubwa?"

Akavua kandambili ya mguu wa kulia, akaisogeza pembeni. Akalegeza uso, ule uso wa dukani, akawa kama mtu asiye na shida yoyote duniani. Chini, kidole gumba cha mguu kiliikandamiza sakafu mpaka ukucha ukawa mweupe. Kilikandamiza, kikaachia, kikakandamiza tena.

"Mteja akikaa kimya, mimi huku juu nawaza chakula, ni kweli," alisema. "Ila huku chini naogopa ataondoka. Tangu siku ya kwanza nilipofungua lile duka peke yangu, mpaka leo asubuhi. Uso umezoea. Mguu umekataa kuzoea."

Nilibaki na kikombe chenye povu mkononi.

"Hii Mhehe hajaiba. Sijawahi kumpa mtu," alisema. "Hii nakupa mimi. Iweke humo, wajue yule mama si jiwe."

Akainuka, akanisukuma mimi kwenye kigoda, akainama na kunivua kiatu kwa mikono yake, kama alivyokuwa akinivua nikirudi shule. Akasimama mbele yangu, akawa mteja. Akataja bei ya ovyo kabisa. Nikalegeza uso, nikakandamiza kidole sakafuni.

Akautazama mguu wangu kwa muda, akatikisa kichwa.

"Huo hauogopi kitu," alisema. "Rudia."

Nikarudia.